Mtani wa Bwana Yakobo

Mjukuu wangu alinunua pumba za kulishia kuku, akautua mfuko karibu na kiti changu, na kabla sijamfokea kwa kunichafulia sebule nikajikuta nimeinama nanusa. "Bibi, unaumwa?" akaniuliza. Siumwi. Pumba mpya, zile ambazo bado zina joto la mashine, zina harufu ya utoto wangu wote, na dizeli kidogo ndani yake, na kambale anayebanikwa mahali fulani nyuma ya nyumba. Harufu hiyo haikujali magoti yangu mabovu. Ilinibeba ikanitua Ifakara, mbele ya mashine ya mpunga, nikiwa nimeshika ungo nyuma ya bibi yangu, naye akiniita mvivu.

Wenzangu wa rika langu mnakumbuka mpunga ulivyokuwa ukiingia mjini baada ya mavuno. Ulikuja kichwani, ulikuja kwa baiskeli zilizosukumwa na watu waliolowa jasho, ulikuja kwa mitumbwi kutoka ng'ambo ya mto. Wanawake walipanga magunia mbele ya mashine tangu alfajiri na kugombana kwa adabu kuhusu nani alifika kwanza. Bibi hakuwa na mpunga wa kukoboa kila siku, lakini kila siku tulikwenda, kwa sababu alifuga nguruwe na nguruwe wanapenda pumba. Aliwapenda nguruwe wake kuliko wajukuu wake na wala hakuona haja ya kuficha. Alikuwa Mpogoro wa Mahenge aliyeteremka bondeni kwa ajili ya kuolewa, na miaka yote alilalamika kwamba huku chini kuna joto, mbu na wajinga.

Mashine ilikuwa ya tajiri mmoja wa Kihindi, lakini aliyeifanya iseme ni Bwana Yakobo. Alikuwa Mzungu, ila Mzungu wa namna ambayo hatukujua tumweke wapi. Wazungu wengine walivaa kofia ngumu na kukaa mbali. Huyu alivaa kaptula iliyokolea dizeli na makatambuga ya tairi, alilala kwenye chumba cha nyuma ya mashine, alikula perege kwa mkono na kunyonya kichwa mpaka kikabaki kitupu. Injini ikigoma aliitukana kwa lugha yake, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kindamba alichofundishwa na wapakizi, na kwa Kindamba ilikuwa inawaka. Tena alikuwa Mzungu wa pekee niliyepata kumsikia akimwamkia bibi yangu shikamoo. Bibi aliitikia marahaba kwa sauti ya juu ili barabara nzima isikie.

Tatizo letu kubwa lilikuwa dini yake. Kanisani hakuonekana. Siku moja vijana wa mtaani kwetu walirudi na nguruwe pori mnono, Bibi akampelekea Bwana Yakobo paja zima kwa heshima, naye akashukuru, akaweka mkono kifuani, akakataa. Wanawake wakapitisha uamuzi siku hiyohiyo kwamba ni Mwislamu. Habari zikawafikia Waislamu wa sokoni, wakafurahi, na Ramadhani ilipoingia wakamtayarishia futari nzuri ya uji wa pilipili manga na mihogo ya nazi. Muuza nyama mwenyewe alimpelekea sahani alasiri ili iwe tayari jua likizama. Bwana Yakobo aliipokea, akaketi juu ya gunia mbele ya watu wote, jua likiwa bado kali, akala mpaka akalamba vidole. Muuza nyama alisimama pale akimtazama kwa huzuni ambayo sijaiona tena usoni mwa mtu mzima.

Aliyemaliza ubishi ni katekista wetu, mtu mrefu mwenye sauti ya kuamrisha hata akiomba maji. Alikwenda kumuuliza mwenyewe ana kwa ana, kisha akarudi kwenye mafundisho ya komunyo ya kwanza, akatutazama sisi watoto mmoja mmoja, na kusema: "Bwana Yakobo ni Myahudi."

Sasa jiwekeni mahali pangu. Mimi Wayahudi niliwafahamu vizuri sana, wote wakiwa kwenye Biblia. Nilimjua Ibrahimu, nilimjua Musa, nilimjua Daudi na kombeo lake. Sikuwa nimeambiwa kwamba kuna waliobaki. Nilidhani walikwisha kitabu kilipokwisha. Kwa hiyo niliposikia kwamba Yakobo yuko kwenye mashine ya mpunga, sikuwaza kwamba ni mtu aliyepewa jina la Yakobo. Niliwaza kwamba ndiye. Hata makatambuga yalinithibitishia, maana kwenye picha za kanisani wote walivaa viatu vya wazi. Kaptula tu ndiyo ilinitatiza, nikajiambia kwamba lile joho refu limekwenda kufuliwa.

Nilikaa na swali langu muda mrefu, hata siku moja nikiwa nakusanya pumba chini ya bomba la mashine, likanitoka. "Shikamoo Bwana Yakobo. Eti ni kweli ulipigana mweleka na malaika usiku kucha?"

Alizima tochi yake, akanitazama, nami nikaona anafikiri kweli, hanichezei. "Kweli," akasema.

"Nani alishinda?"

"Bado tunapigana," akasema, akarudi chini ya injini.

Niliondoka pale nikiwa na hakika kamili.

Sasa, kila mwaka mavuno yakishaisha, katikati ya msimu ambao mashine hailali, kulikuwa na siku moja ambayo ilikaa kimya. Watu walizoea. Tajiri alisema injini inapumzishwa, wanawake wakasema Bwana Yakobo amekunywa, na kesho yake mambo yakaendelea. Mwaka ninaousimulia, kimya kilifika kesho yake, na kesho kutwa yake pia. Magunia yakajaa uani mpaka barabarani. Tajiri alikuwa anatembea huku na huku na funguo zake, anabisha mlango wa chumba cha nyuma kwa upole, na hajibiwi. Mpishi wake alisema chakula alichomwekea mlangoni kimeliwa na paka.

"Huyu atakufa humo ndani," Bibi akasema, akasukuma mlango bila hodi.

Niliingia nyuma ya gauni lake. Bwana Yakobo alikuwa amekaa chini sakafuni, miguu mitupu, kidevu kimeota manyoya. Shati lake lilikuwa limechanika kutoka ukosini hadi kifuani. Kioo chake cha kunyolea kilikuwa kimefunikwa na gunia. Kitanda kilikuwepo na kiti kilikuwepo, na yeye alikuwa chini. Mshumaa uliokuwa kwenye kopo ulikuwa umekwisha. Mimi nilielewa mara moja: ameibiwa. Wezi wamempiga, wamemchania shati, wamechukua viatu, na kioo wamekifunika ili wasijione wakiiba. Nikaanza kutazama madirishani kuona walipopitia.

Bibi hakutazama dirisha. Alitazama shati, akatazama sakafu, akakunja gauni lake akaketi chini mkabala naye, polepole, goti moja kisha jingine. "Nani amefariki, baba?" akauliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani amefariki?"

"Wote."

"Wote akina nani?"

"Wa mji wangu. Mji mzima."

Alimsimulia kwa Kiswahili chake cha mashineni, bila kupandisha sauti. Kwao ulikuwa mji mdogo, mdogo kuliko Ifakara, wenye soko na mto, na Wayahudi walikuwa nusu ya watu wake. Vita vilipoanza walikuja Warusi kwanza, wakamkamata kwa sababu ya pipa la mafuta ya taa alilolificha zizini, wakampeleka mbali kwenye baridi akakate magogo. Mama yake alilia barabara nzima kwamba mwanangu amepotea. Kisha wakaja Wajerumani. Siku moja ya mavuno waliwatoa Wayahudi wote majumbani, wazee na watoto wa kubebwa, na baadhi ya majirani wakasaidia kuonyesha milango. Waliwapeleka kwenye msitu ambako watu walizoea kuchuma uyoga. Vijana wakachimbishwa shimo. Wakawasimamisha ukingoni kwa mafungu, wakawapiga risasi, asubuhi mpaka alasiri. Yeye hakuwepo. Aliyemwambia ni mwanamke wa mji wa jirani, waliyekutana kwenye kambi ya wakimbizi wa vita iliyofunguliwa na Waingereza huku Arusha, na mwanamke huyo hakuijua tarehe, alijua tu kwamba ilikuwa mavuno. "Kwa hiyo ninakisia siku," akasema. "Mwaka huu nilifikiri labda nimekosea siku. Basi nikakaa na ya pili. Nikakaa na ya tatu."

Bibi aliwafahamu Wajerumani. Alipokuwa msichana, Wajerumani walikuwa bomani Mahenge, na baba yake alikwenda pale na wenzake wakiwa wamepakwa dawa ili risasi zigeuke maji. Zilikuwa risasi za bombomu, zile bunduki za mtambo, nazo hazikugeuka kitu. Hakutusimulia sana habari hizo. Siku ile alisema tu, "Wa kwangu nao walikuwa wengi." Kisha akauliza lile lililomkera zaidi. "Matanga yao aliwekesha nani?"

"Hakuna. Niko peke yangu."

"Na mtani wao alikuwa nani?"

Bwana Yakobo hakujua mtani ni nini. Hapo ndipo bibi yangu aliposhtuka. Mauaji alikuwa ameyaona. Ila watu walale ardhini miaka yote hiyo bila hata mmoja kuja kuwatania, bila mtu wa kuvaa kofia ya marehemu na kutembea kama yeye, bila wa kuiba nyama ya matanga na kuwaambia wafiwa kwamba wanalia vibaya, hilo lilimzidi. Kwetu mfiwa anapewa wa kumliza na anapewa wa kumchekesha, na asiyepewa wa pili hawezi kuinuka sakafuni. Alisimama, akatoka nje, akawaambia wanawake wenye magunia, "Jamani, hapa kuna msiba."

Hawakuuliza wa nani. Vilemba vilifunguliwa, khanga zikafungwa kiunoni, mtu akakimbilia kinu. Kwa kuwa mashine ilikuwa kimya, mpunga wa matanga ulitwangwa kwa mikono mbele ya mashine yenyewe, na Tajiri akatoa mafuta na chumvi na kuketi mkekani akiwa ameshika tama. Muuza nyama akaleta mbuzi, akamsamehe Bwana Yakobo na ile futari. Katekista naye alifika, akasimama akitazama moshi.

"Mama, huyu si Mkristo," akamwambia Bibi. "Ni Myahudi."

"Hata Yesu alikuwa Myahudi, mbona mmemfanya Mkatoliki?"

Katekista akasema hilo ni jambo jingine. Bibi akamwambia basi aende akafikirie tofauti yake huko nyumbani, wali ukiiva ataitwa. Katekista akaketi.

Swali likabaki moja: mtani. Watu walibishana uani pale kwa ukali wa kweli, kwa maana mtani hateuliwi hivihivi. Bibi alianza kwa kutoa hoja, na alipokuwa na hoja alinyoosha kidole kimoja. Sisi Wapogoro, akasema, watani wetu ni Wangoni. Kwa nini? Kwa sababu zamani Wangoni walitupiga, wakatuchomea, wakatuchukulia ng'ombe na wake. Vita vikaisha, tukataniana. Ndivyo utani unavyokuja. Sasa, huyu ni nani aliyempiga? Mjerumani. Basi mtani wake ni Mjerumani, na kule misheni yuko padre anayesema Kijerumani, aitwe aje afanye kazi yake.

Katekista aliruka kutoka mkekani. Alisema padre kwao ni Uswisi, si Ujerumani. Bibi akasema lugha ni ileile, atajitahidi. Vijana wawili walikuwa wamekwisha kuinua baiskeli, na mpaka leo nikifikiria uso wa padre yule mzuri, mwenye ndevu hadi kifuani, akiambiwa kwamba anahitajika kwenye mashine ya mpunga akaigize marehemu wa Kiyahudi na kuiba nyama, huwa nacheka peke yangu hata kanisani.

Ni Bwana Yakobo aliyewazuia. Alikuwa ametolewa akaketishwa mkekani, na alikuwa akisikiliza yote. "Mama," akasema, "nyinyi na Wangoni imepita miaka mingapi?"

"Mingi. Bibi yangu ndiye aliyekimbia."

"Basi na mimi, bado," akasema. "Labda wa baadaye. Mimi bado."

Vijana wakashusha baiskeli. Bibi alikubali kushindwa, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alikwenda akasimama nyuma yake, akamwekea mkono kichwani mbele ya watu. "Basi huyu ni mwanangu," akasema. "Mwanangu ni Mpogoro. Mtani wa Mpogoro ni Mngoni. Kamwiteni Mama Haule."

Wakati Mama Haule anafuatwa, mimi nilikuwa na shughuli yangu. Nilikuwa nimesikia habari ya mji ule na shimo, nami nilishangaa kwamba sikuikumbuka kutoka kwenye mafundisho. Nilimwendea Katekista pale alipoketi akiutazama wali. "Samahani mwalimu. Habari za Bwana Yakobo, za mji kuuawa, ziko kitabu gani? Za Wafalme au za Wamakabayo?"

"Hazimo," akasema.

"Hazimo kabisa?"

"Hazimo kwenye Biblia, mwanangu. Ni za juzi. Ni za mwaka ule shangazi yako alipoolewa."

Harusi ya shangazi ilisimuliwa kwetu kila siku. Nilijua rangi ya gauni, nilijua nani alilewa akaangukia sufuria. Nilijaribu kuviweka vitu viwili pamoja, harusi ile na shimo lile, kwenye mavuno yale yale, watu hapa wakicheza ngoma na kule wamepangwa ukingoni, na kichwa changu kikakataa. Niliogopa. Kama si za kitabuni, basi zinaweza kutokea.

Mama Haule, aliyesimuliwa yote njiani na waliomfuata, alisikika kabla hajaonekana. Alikuwa mwanamke wa Songea, mnene, aliyepika togwa na pombe karibu na soko, na kwenye misiba ya Wapogoro alikuwa adhabu ya Mungu. Alikuja barabarani akilia kwa sauti ya kupasua anga, "Oooi, watumwa wetu wamekufa, nani atatulimia!" Akajitupa chini langoni, akagaagaa kwenye pumba, akainuka ghafla, akafunua sufuria, akaonja. "Chumvi hakuna," akasema kwa sauti ya kawaida. "Hata kufiwa hamjui." Wanawake wakaanza kuchekea khanga zao.

Akaja mbele ya Bwana Yakobo, akamzunguka. "Ndiye huyu? Mtumwa wangu mbona mweupe hivi, mmemloweka? Na hizi ndevu?" Bibi alikuwa tayari na wembe na kikopo cha maji, kwa kuwa kwetu mfiwa hunyolewa, na Bwana Yakobo akaeleza kwa woga kwamba kwao mfiwa hatakiwi kunyoa, kama vile hatakiwi kukaa kitini wala kujitazama kiooni. "Msimnyoe," Mama Haule akaamua. "Ana sura mbaya, ndevu zinasaidia."

Halafu akachuchumaa mbele yake, na sauti ikabadilika kidogo, ikawa ya mtu aliyefika kazini. "Haya. Baba yako alikuwa anatembeaje?"

Bwana Yakobo akasema baba yake alipigwa risasi msituni, wakati wa mavuno, pamoja na...

"Sikukuuliza alivyokufa. Mimi siigizi kufa, kufa wote tunakufa sawa. Nimekuuliza alikuwa anatembeaje."

Nadhani kwa miaka yote Bwana Yakobo alikuwa akiwaona watu wake mahali pamoja tu, ukingoni mwa shimo, na hakuna aliyewahi kumwomba awarudishe nyuma hata hatua moja. "Vidole nje," akasema mwishowe. "Kama bata. Alikuwa fundi viatu."

Mama Haule alinyakua kofia ya Tajiri, akatembea uani vidole nje, tumbo mbele. "Hivi?"

"Hapana. Mikono nyuma."

"Hivi?"

"Na anabishana. Akitembea anabishana."

"Na nani?"

"Na Mungu."

Basi Mama Haule akatembea uani, vidole nje, mikono nyuma, akibishana na Mungu kuhusu bei ya ngozi na kuhusu mvua na kwa nini Mwenyezi hakumpa mtoto mwenye akili badala ya huyu anayeficha mafuta zizini. Muuza nyama alicheka mpaka akakaa chini. Na Bwana Yakobo, jamani, alitoa sauti ambayo nilidhani ni kikohozi, kisha ikaja tena, nikaona ni kicheko, kimekaa muda mrefu bila kutumika. "Kidevu juu!" akapaza sauti. "Alibishana kidevu juu!"

Baada ya hapo hakuweza kuzuilika. Alimtoa mama yake, aliyeamini kwamba dunia nzima ina njaa, na kuwakimbiza watoto barabarani na kijiko. Mama Haule akachukua mwiko, akamkimbiza Katekista kuzunguka magunia akimwambia kula, kula, mbona umekonda. Bibi akasema mama huyo alikuwa Mpogoro, hakuna ubishi. Alimtoa mjomba aliyejiona mwimbaji wa nyumba ya sala, ambaye akianza kuimba mbwa waliondoka. Mama Haule akaimba. Mbwa wa Tajiri aliondoka kweli. Mmoja baada ya mwingine walikuja uani pale, na mimi niliketi karibu na meza ya vyuma ya Bwana Yakobo, ile ya uani ya kutengenezea injini, nikiwaona. Sioni aibu kusema hivyo. Sikumwona Mama Haule. Niliwaona wao.

"Mwingine?" Mama Haule akauliza, akijipangusa jasho.

Bwana Yakobo alichelewa. "Motele," akasema. "Mdogo wangu. Alikuwa na miaka saba."

"Alikuwa anafanyaje?"

"Alikuwa anakaa chini ya meza ya baba. Siku nzima, chini ya meza, kwenye miguu ya wateja."

Mama Haule alipiga hatua moja kuelekea kwenye meza, akasimama. Aliigiza wazee, aliigiza maharusi waliokufa wiki ya harusi, hakuna kaburi lililowahi kumshinda. Alisimama na kofia ya Tajiri mkononi, kisha uso wake ukaanguka, akaketi palepale kwenye pumba. "Huyu simwezi," akasema, akalia. Hakulia kile kilio chake cha barabarani. Alilia kidogo, kama mtu aliye peke yake jikoni. Na mtani akilia msibani, watu hawajui washike wapi. Wanawake waliacha kutwanga. Bibi yangu alimtazama mtani wake kwa hofu.

Bwana Yakobo aliinuka mkekani. Kwa siku zile zote hakuwa ameinuka kwa hiari yake. Alimpita Mama Haule, akamgusa bega, akaenda kwenye meza ya vyuma ambapo Katekista alikuwa ameegemea akihema kwa kukimbizwa. Akapiga magoti, lile jitu lote, akaingia chini ya meza. Tulisikia vyuma vinasukumwa. Kisha sauti nyembamba ikatoka huko chini, ya mtoto, kwa lugha yake, inaongea haraka haraka na kujizuia kucheka. Katekista, ambaye pale uani ndiye pekee aliyekuwa na viatu vya kamba, akaona afadhali asogee mbali, akapiga hatua, na akaanguka kifudifudi juu ya magunia, kamba za kiatu kimoja zikiwa zimefungwa na za kingine.

Kicheko kilichotoka pale nadhani kilisikika ng'ambo ya mto. Katekista mwenyewe alicheka akiwa amelala. Mama Haule alicheka huku machozi yanamtiririka, akipiga ardhi kwa kiganja, akisema, "Motele! Motele wewe!" na wanawake wakaitikia, Motele, Motele, jina ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelitamka kwa sauti miaka yote ile.

Nami nilikuwa nimekwisha kumwona baba mwenye miguu ya bata, na mama mwenye mwiko, na mjomba. Nilikuwa na umri uleule wa Motele, na nilitaka sana kumwona mtoto mwenzangu. Nikapiga magoti, nikachungulia chini ya meza. Kulikuwa na Mzungu, mtu mzima, amejikunja, magoti kidevuni, amefumba macho, anatabasamu. Nilitazama nyuma yake, nikatazama kona zote. Hapakuwa na mtu mwingine.